Salamu Chini ya Mstari

Bibi yangu huifunga laptopu jinsi watu wanavyofunga mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga: polepole, kwa viganja viwili, kisha hutandika juu yake kitambaa cha kufuma. Hufanya hivyo kila Ijumaa adhana ya alasiri inapoanza, hata kama mama yangu, aliye ndani ya kioo, amefika katikati ya sentensi.

"Yaani mama hata huniagi," mama alilalamika siku moja, kifuniko kikimshukia usoni.

"Nikuage naenda wapi? Naswali, narudi. Mtu anayerudi haagi."

Kwisha. Mama akazimwa.

Mama yuko Arabuni. Anapika katika jiko la hospitali, na siku ya Ijumaa hupata saa moja ya kupumua kati ya masufuria ya mchana na masufuria ya usiku. Saa hiyo ni yetu, mimi na bibi, hapa Malindi, na adhana huiangukia katikati kama tofali. Bibi hawezi kuswali huku uso wa mtu unamtazama kutoka mezani. Nilijaribu kumkumbusha kwamba huo ni uso wa mwanawe wa kumzaa. Akasema, "Ndio hasa. Nitamtazama nisahau rakaa."

Laptopu yenyewe tuliipata wakati hoteli moja ya Wataliano ilipofungwa na vyombo vyake kuuzwa uani, mito, sahani, vioo vya bafuni, na hii. Herufi zake zimepangwa Kiitaliano. Wi-Fi yake ilikufa kabla haijatufikia, kwa hiyo mtandao unaingia kupitia simu ya bibi, kwa waya wa kuchajia. Mtu atauliza kwa nini basi wasiongee kwa simu hiyo hiyo. Bibi ana mtoto wa jicho, na kwenye simu, anasema, mama anaonekana kama stempu iliyolowa maji.

Sasa sikiliza balaa. Bibi akifunga kifuniko, mashine inalala. Akikifungua baada ya swala na nyiradi zake, mashine inaamka, taa zinawaka, alama ya mtandao iko pale inang'aa kwa uongo, na hakuna kinachopita. Mama huko anapiga, anapiga, hapati. Dawa yake ilikuwa moja: kuuchomoa waya na kuuchomeka tena. Na daktari wa dawa hiyo nilikuwa mimi.

"Njoo ulifufue jeneza lako," bibi ataniita. Nami nitakuja kwa maringo, nitachomoa, nitachomeka, na mama atarudi na kumalizia sentensi yake ya mwanzo kama mtu aliyekatizwa na kikohozi.

Shida ni kwamba mimi nasoma bweni, huko Kilifi, upande wa Mnarani. Muhula ukianza, bibi hubaki peke yake na jeneza. Mikono yake inatetemeka na tundu la waya halioni. Alipojaribu mara moja aliusukuma waya kwa ubavu, ikabidi simu ipelekwe kwa fundi. Tangu hapo haugusi. Muhula mzima, kila Ijumaa, nusu ya pili ya ile saa ilipotea. Mama aliniambia jambo hili bila kulalamika, na ndiyo maana liliniuma. Alisema yeye hukaa kitandani na simu mkononi, akijitazama mwenyewe kwenye kioo chake, mpaka kengele ya jikoni ilie.

Mimi ni mtu wa mzaha. Darasani nimewahi kuambiwa kwamba nikifa watu watangoja nifufuke ili nimalizie kichekesho. Lakini ile picha ya mama akijitazama, sikuipatia mzaha wake. Nautafuta hata leo.

Nikaanza na njia za mkato. Niliipanga mashine isilale ikifungwa. Ijumaa hiyo, chini ya kitambaa cha kufuma, ikapata joto mpaka ikanuka kama pasi, kisha ikajizima yenyewe kwa kuokoa roho yake. Nikamwomba bibi basi aache kitambaa. Alinitazama kama niliyemwambia aende sokoni bila buibui.

Likizo ya Agosti ilipofika, niliamua kuwauliza wenyewe wanaoitengeneza. Laptopu yetu inatumia Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, na moyo wa Linux huitwa kerneli: ndiyo inayosema na waya, kioo, betri na kila kitu kilicho chini. Kerneli haina mlango wa ofisi. Ina watu waliotapakaa duniani wanaoandikiana barua pepe katika orodha za wazi, na orodha moja ni ya mambo ya mitandao. Yeyote anaweza kuuliza. Yeyote anaweza kupeleka kiraka, yaani marekebisho madogo ya msimbo wa programu, hata mistari miwili. Na kila barua inasomwa na kila mtu na kuhifadhiwa, pamoja na upuuzi wako.

Barua yangu ya kwanza niliiandika kwa simu, kwa herufi nene, zenye rangi, na mwishoni nikaweka nyuso tatu zinazolia. Mashine ya orodha iliikataa hata haijafika kwa mtu. Hapo hawataki mapambo, wanataka maandishi makavu. Nikaandika ya pili, kavu kama mkate wa juzi: mtandao wangu unakufa, nisaidieni upesi.

Kimya.

Huku kwetu, mtu akikusalimu usimjibu, mambo yatafika mpaka kwa shangazi zake. Nilikaa na kimya kile siku nzima nikihisi nimetukanwa na dunia. Kesho yake likaja jibu kutoka kwa mtu mmoja ambaye baadaye nilijua kwamba ni miongoni mwa wanaohakiki sehemu ile ya kerneli. Halikuwa na hujambo wala habari. Liliuliza: kerneli ya toleo gani, simu ya aina gani, mashine inasema nini kwenye kumbukumbu zake, na unafanya nini hasa kabla mtandao haujafa.

Nilimsomea bibi, nikimfasiria.

"Hakusalimu?" bibi akauliza.

"Hakusalimu."

"Na wewe ulimsalimu?"

"Hapana."

"Basi mmefanana. Hukupiga hodi, nani akukaribishe?"

Nilimjibu yule mhakiki maswali matatu kwa uaminifu. La nne, la kwamba nafanya nini kabla mtandao haujafa, lilinitia haya. Niliona nikitaja bibi na kitambaa chake nitachekwa na mabara yote. Nikaandika kwa Kiingereza cha suti kwamba hitilafu hutokea "katika mazingira fulani ya usimamizi wa nishati." Nilijivunia sana. Ilisikika kama mtu mwenye kadi ya kuvaa shingoni.

Huku nikingoja, nikaingia kusoma msimbo mwenyewe. Lugha yake, C, nilikuwa nimejifunza kwa ubishi tu, kwa sababu kijana mmoja kwenye kilabu cha kompyuta alisema wasichana huiacha njiani. Taabu ilikuwa kibodi. C inapenda mabano ya mikunjo kama bibi anavyopenda iliki, na kibodi ya Kiitaliano imeyaficha: kila bano moja lataka ushike vitufe vitatu kwa pamoja. Nilipomaliza wiki ile vidole vyangu vilikuwa vimejikunja kama vya mpiga udi.

Lakini nikaiona. Kile kipande cha kerneli kinachosema na simu kwa waya kinafanya kazi kama karani wa mizigo. Akituma mzigo, anajiwekea alama: nangoja jibu. Jibu likija, anafuta alama na kutuma mwingine. Sasa mashine ikilazwa wakati mzigo uko njiani, jibu linapotea. Karani akiamka, alama bado iko. Anangoja. Nyuma yake foleni yote inangoja. Ukichomoa waya, karani huyo anafukuzwa kazi na kuajiriwa mwingine, ndiyo maana dawa yangu ilifanya kazi. Nilikuwa nafukuza makarani kila Ijumaa bila kujua.

Nikaongeza mstari mmoja: ukiamka, futa alama.

Kuijenga kerneli yote upya kwenye mashine ile kulichukua mchana kutwa. Ilivuma, ikatoa joto, ikatetemesha meza. Bibi alipopita na bakuli la unga wa mahamri akasimama, akaweka kiganja ubavuni mwa laptopu, na akaliacha bakuli hapo hapo. Sijawahi kuona unga ukiumuka haraka hivyo. "Leo jeneza lako limefaa," akasema.

Ijumaa iliyofuata bibi alifunga, akaswali, akafungua. Mama akapiga, akaingia. Mimi nilikuwa mlangoni na mikono mfukoni, nikijifanya napita.

Ningeweza kuishia hapo, na nilitaka. Lakini mashine hujisasisha yenyewe, na siku chache baadaye ilipakua kerneli mpya na kuifuta yangu kama mtu anayefagia uani. Ijumaa hiyo mtandao ukafa tena. Nilikuwa nyumbani, nikachomoa, nikachomeka. Lakini shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa. Nikiijenga tena, itafutwa tena, na safari hiyo nitakuwa Mnarani, nakariri jedwali la elementi, na bibi atakuwa na jeneza, na mama na kioo chake. Kiraka kilipaswa kuingia kule kwenyewe, kwenye kerneli ya watu wote, ili kije nyumbani na masasisho hata mimi nisipokuwepo. Hapakuwa na njia nyingine.

Nikamwambia bibi kwamba safari hii naandika barua rasmi, na tutapiga hodi.

Bibi alikaa kitako. Aliniamuru niandike assalaamu alaykum kwa ukamilifu wake. Kisha niulize hali zao na za jamaa zao, hali ya hewa ya huko waliko, kama kuna mgonjwa apate nafuu, kama kuna msafiri afike salama. Kisha niseme sisi hatujambo, ila mvua imechelewa. Kisha niombe radhi kwa kuwasumbua. Kisha, na kisha tu, niseme shida.

"Bibi, shida yenyewe ni mstari mmoja."

"Basi salamu ziwe ndefu. Watasema umekuja na nini?"

Barua ya kiraka ina umbo lake. Juu unaeleza umebadilisha nini na kwa nini. Kisha unatia saini kwa jina lako, kuthibitisha kwamba kazi hii una haki ya kuitoa. Kisha panakuja mstari wa vistari vitatu. Chini ya mstari ni mahali pa maneno ya pembeni, halafu ndio msimbo. Kilichoandikwa juu ya mstari huingia ndani ya historia ya kerneli pamoja na msimbo, na hakitoki tena. Kilichoandikwa chini husomwa na kuachwa nje.

Sheria hiyo nilikuwa nimeipitia kwa macho, jinsi mtu anavyopitia masharti ya dawa. Salamu nikaziweka juu. Mtu mwenye adabu huanza na salamu, atazianzia wapi kama si juu? Na saini nikaweka jina la utani nililojipa mtandaoni, ambalo silitaji hapa kwa heshima ya bibi.

Jibu la mhakiki lilikuwa na mambo matatu, na jambo la kwanza lilinichekesha mpaka nikaacha kucheka. Alisema, kwa ukavu ule ule, kwamba kiraka hiki kikipokewa kilivyo, basi miaka hamsini ijayo mtu atakayechunguza kwa nini mstari huu uliongezwa atasoma kwamba mvua imechelewa Malindi. Salamu ziende chini ya mstari. Pili, jina liwe ninalojulikana nalo kweli. Tatu, haelewi maelezo yangu. Nani anailaza mashine katikati ya kutuma? Hayo "mazingira ya usimamizi wa nishati" ni nini? Niliona nini kwa macho yangu?

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Na mimi nikiona haya huwa napata haraka. Nikashusha salamu, nikaweka jina la kwenye cheti cha kuzaliwa, nikatuma. Kabla saa haijaisha nikagundua nimesahau nafasi moja, nikatuma tena. Kisha nikapata neno zuri zaidi, nikatuma tena. Mhakiki akaandika mstari mmoja: wape watu angalau siku nzima kabla ya kutuma toleo jingine.

Nikamkumbuka jirani yangu wa dawati, ambaye kwao ni Ganze. Yeye aliwahi kunieleza foleni ya maji ya kwao: unaweka dumu lako kwenye mstari, na dumu ndilo linalokusemea. Unaweza kwenda kulala nyumbani, nafasi yako ipo. Lakini ukilichukua dumu na kulisogeza, au ukaanza kupiga kelele kwamba umechelewa, watakurudisha nyuma kabisa, na hakuna atakayekuonea huruma, kwa kuwa wote wana kiu. "Nyinyi wa mjini," aliniambia, "mnafikiri maji yanakuja kwa kuongea." Nilimcheka siku ile. Sasa nilikuwa nimelisogeza dumu langu mara tatu kwa mchana mmoja, mbele ya watu wote wenye kiu duniani.

Nikaliweka dumu chini. Nikaacha kugusa kibodi mpaka kesho yake, na katika kungoja huko lile swali la tatu likanirudia. Uliona nini kwa macho yako?

Niliona bibi. Hakuna kingine nilichokiona. Yale mazingira ya nishati niliyazua ili nisiwe msichana wa shule mwenye bibi. Na mtu wa upande wa pili, ambaye hakuwahi kunisalimu, alikuwa ananiuliza swali ambalo watu wengi wanaonisalimu kila siku hawajawahi kuniuliza. Mimi nikisema jambo, watu hucheka kwanza. Yeye hakucheka. Alisema tu haelewi, na akangoja.

Nikaandika, bila suti: kompyuta iko nyumbani kwa bibi yangu. Simu imeunganishwa kwa waya. Kila Ijumaa anaongea na binti yake aliye mbali. Adhana ikilia anafunga kifuniko mara moja, bila kukata simu, kwa kuwa anaenda kuswali na atarudi. Picha na sauti huwa bado zinatumwa. Akifungua, mtandao hauendi mpaka waya uchomolewe, na yeye hawezi kuuchomoa.

Nilibonyeza kitufe cha kutuma nikafumba macho.

Jibu lilikuja siku ya pili. Lilianza: sasa naelewa. Kisha likaendelea kunitoa makosa, maana hawa watu hawana sikukuu. Akasema, kama hivyo ndivyo inavyotokea, basi nimekitia kiraka mahali pasipo. Mimi nafuta alama baada ya kuamka. Hiyo ni kupangusa maji bila kufunga mfereji. Kosa linatokea mashine inapolala. Kabla ya kulala, karani anapaswa kusimamisha utumaji, kumalizana na mizigo iliyo njiani, kisha ndipo alale. Akaonyesha kipande kingine cha kerneli kinachofanya hivyo, niende nikakisome.

Nilikwenda jikoni, bibi akikanda.

"Bibi, unajua hitilafu ni nini? Mashine inalala bila kuaga."

"Haina adabu."

"Sawa sawa na wewe na mama."

Alinirushia unga. Kisha akairudisha mikono ndani ya bakuli, akasema, "Mimi ni tofauti. Mimi narudi." Na kweli yeye hurudi. Mashine ndiyo iliyokuwa inarudi nusu.

Kuandika upya kulinichukua siku zilizobaki za likizo. Mstari wangu mmoja ukawa saba, na ndani yake mabano ya mikunjo manane. Niliijaribu kwa kufunga na kufungua kifuniko mpaka bibi akauliza kama nimepigwa na mashetani. Nikatuma, salamu zote za bibi zikiwa chini ya mstari, pamoja na mvua, ambayo bado ilikuwa imechelewa. Siku ya kurudi shule ikafika, jibu halijafika. Shuleni simu haziruhusiwi. Nilikwenda Mnarani na sanduku langu, nikaliacha dumu kwenye foleni.

Muhula huo nilikuwa mtu wa ajabu siku za Ijumaa. Alasiri tunapotoka kuswali wenzangu walikimbilia chai, mimi nikisimama kwenye veranda na kuhesabu kichwani: sasa amefunga, sasa anatoa salamu, sasa anafungua. Hapo nilikuwa sijui niendelee vipi. Jirani yangu wa Ganze aliniuliza naona nini. Nikamwambia naliona dumu langu. Akasema, "Haya, angalau umejifunza kunyamaza." Kisha akanisogezea chai.

Likizo fupi ya katikati ya muhula iliangukia Ijumaa. Nilifika nyumbani jasho limenikauka, nikawasikia kabla sijavua viatu: bibi na mama wanabishana kuhusu binamu fulani na harusi yake.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umekonda," wakasema wote wawili, mmoja mezani na mmoja kwenye kioo. Sijakonda. Husema hivyo hata nikirudi nimenenepa.

Sikukaa. Adhana ikaanza. Mama alikuwa anasema, "Huyo bwana harusi mwenyewe mnajua kwamba," na kifuniko kikashuka. Viganja viwili. Kitambaa.

Bibi akaenda kuswali. Nami nikaswali nyuma yake, na Mola anisamehe, akili yangu ilikuwa mezani. Bibi alimaliza nyiradi kwa utulivu wa mtu asiye na deni. Akakunja mkeka, akaja, akaondoa kitambaa, akafungua. Taa zikawaka. Ile alama ya mtandao ikang'aa, na mimi naijua kwa uongo wake. Mkono wangu ukaenda kwenye waya wenyewe, bila kuagizwa.

Bibi akaupiga kofi.

"Usiguse. Siku hizi linaamka lenyewe."

"Tangu lini?"

"Sijui. Kitambo. Lilipata akili tu."

Na simu ikaita, na mama akatokea, nywele zake zimetoka kidogo kwenye mtandio, akasema, "ana mke mwingine Lamu," na bibi akaketi chini kwa nguvu kama mtu aliyengojea habari hiyo tangu asubuhi.

Waliongea mpaka kengele ya jikoni ilipolia huko kwa mama. Nusu saa yote. Hawakuniuliza chochote, hawakuniita, hapakuwa na wa kufufuliwa. Nilikaa pembeni nikila hamri la baridi, na nilijiona kama fundi wa taa siku ambayo umeme haukatiki. Si hisia mbaya. Lakini si tamu vile nilivyodhani.

Mama alipokwenda, nikafungua barua. Jibu lilikuwa limekuja mimi nikiwa nimeshaondoka. Lilitumwa na roboti, programu ya kujibu barua: kiraka kimepokewa. Kando yake palikuwa na barua ya yule mhakiki, ambayo ndani yake hamna neno ila mstari mmoja wenye jina lake, unaosema amekihakiki. Na katika historia ya kerneli maelezo yangu yamebaki juu ya mstari, yamepunguzwa kidogo: mtumiaji hufunga kifuniko wakati data bado inatumwa, naye hana njia ya kuchomoa waya. Chini yake jina langu. Chini ya langu, lake.

Nikamsomea bibi yote.

"Huyo mtumiaji ni nani?"

"Ni wewe."

"Hawakuandika kwamba nilikuwa naswali?"

"Wamesema umefunga kifuniko."

Alifikiri. "Na huyo aliyeweka jina chini ya lako, alisema nini?"

"Hakusema kitu. Kwao, mtu akiridhika na kazi yako, anaandika jina lake chini ya jina lako. Kazi ikiharibika, ataulizwa na yeye."

"Kama mashahidi wa ndoa."

"Kama mashahidi."

"Ah." Hilo lilimkaa. Kisha akanyoosha kidole kwenye kioo asichokiona vizuri. "Na salamu zangu?"

"Zilikuwa chini ya mstari. Hazikuingia."

"Nimeuliza kama zilisomwa."

Sikujua. Nilipekua barua zote, toka ya kwanza. Hakuna mahali alipozigusa, wala yeye wala roboti. Nikamwambia bibi kweli, kwamba sijui.

"Basi andika tena," akasema. "Barua ya salamu tupu. Isiwe na shida ndani yake, asije akadhani kila nikimsalimu nataka kitu."

Nilijua kule watu wana barua nyingi na hawapendi za maneno matupu. Niliandika hivyo hivyo, kwake yeye peke yake, si kwa orodha nzima. Bibi alitaja, nikaandika: hali yake, hali ya watoto wake kama anao, mgonjwa apone, msafiri afike. Kwamba sisi hatujambo. Kwamba mvua hatimaye imenyesha, kule Marafa hata imeng'oa daraja la miti. Kwamba mwanamke mmoja anayepika Arabuni aliweza leo kumalizia sentensi yake. Hilo la mwisho nililiongeza mimi, bibi hakulitaja, lakini nilimsomea na hakulikataa.

Kidole changu kilikuwa njiani kwenda kutuma, adhana ya magharibi ikaanza, na bibi akashusha kifuniko juu ya mkono wangu.

"Bibi, ilikuwa bado kutuma."

"Inarudi," akasema, akienda kutawadha.

Nikatoa mkono wangu chini ya kitambaa, nikamfuata. Tulipomaliza alikifungua mwenyewe kwa viganja viwili, nami sikugusa waya. Nikabonyeza. Ikaenda.